Tusingoje Msiba Ndipo Tusafishe Mitambo ya Kupozea Majumba

Katika vilima vya Nyakakika, wilayani Karagwe, hapana mtu anayehitaji mtambo wa kumpoza. Jua likishatua baridi hushuka migombani, na kila mtu hutafuta blanketi lake. Mwananchi wa huko akiambiwa kwamba yapo maradhi yanayozaliwa juu ya mapaa ya majumba makubwa, ndani ya mitambo ya kupozea hewa, na kwamba maradhi hayo huua, atajibu kuwa hayo ni mambo ya watu wa pwani na visiwani, au ya Wazungu. Leo tunapenda kueleza kwa nini jibu hilo si sahihi, na kwa nini wenyeji wa visiwa pamoja na watumishi wa Serikali hawana budi kulishughulikia jambo hili mapema.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Kijana wa Nyakakika ameajiriwa katika hoteli moja ya ufukweni huko Unguja. Masika yamefika, wageni wamepungua, naye amepewa likizo. Kabla ya kuondoka anaagizwa kufungua vyumba vilivyokaa wiki tano bila mtu, avisafishe na kufungulia mabomba yote ya bafu aone kama maji yanatoka. Anaifanya kazi hiyo akiwa amesimama katikati ya manyunyu. Kisha anavuka bahari, anapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja mpaka kwao. Siku ya tano homa kali inamshika. Kichwa kinauma, viungo vinauma, kikohozi kinaanza, pumzi inambana, na usiku anaweweseka. Anapimwa malaria, haipo. Inasemekana ni kichomi, anapewa amoksilini, na hali yake inazidi kuwa mbaya. Dawa hiyo ni nzuri kwa vichomi vingi, lakini kwa hiki haifui dafu. Wala hapana aliyemwuliza swali moja lenye maana: wiki iliyopita ulikuwa wapi, na ulikuwa ukishughulika na maji gani?

Maradhi tunayoyazungumzia yalipata jina lake Marekani mwaka 1976. Mwezi Julai mwaka huo chama cha askari wa zamani, kinachoitwa American Legion, kilifanya mkutano katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Wajumbe walipokwisha kurudi makwao wakaanza kuugua mapafu mmoja baada ya mwingine. Watu 221 waliugua na 34 walifariki dunia. Dola lenye maabara kubwa kuliko zote duniani lilikaa miezi kadhaa likitafuta sababu bila kuiona. Wengine walishuku sumu, wengine walishuku hujuma. Hoteli hiyo mashuhuri ilikimbiwa na wateja, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikafunga milango. Mwezi Januari 1977 ndipo mtaalamu Joseph McDade na wenzake walipotangaza kwamba wamekiona kijidudu chenyewe. Kikaitwa Legionella, na maradhi yakaitwa homa ya mapafu ya maaskari wa zamani.

Kijidudu hiki hakikuletwa na askari wale. Kipo tangu zamani katika mito, maziwa na udongo wenye unyevu, na huko kwa kawaida hakimsumbui mtu. Shida huanza pale binadamu anapokijengea nyumba. Nyumba kinayoipenda ni maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi, yaliyotuama, yenye kutu, magamba na ute unaoteleza kwenye kuta za tangi na mabomba. Hapo huzaliana kwa wingi. Lakini hata hapo hakijamdhuru mtu. Humdhuru pale maji hayo yanapopasuliwa kuwa matone madogo mno, yanayoelea hewani kama ukungu, mtu akayavuta mpaka ndani ya mapafu. Kwa kawaida maradhi haya hayaambukizwi na mtu kwa mtu. Asiyeingiza matone hayo mapafuni hana sababu ya kumwogopa mgonjwa.

Sasa tuutazame mtambo wenyewe, maana watu wengi huuona juu ya paa wakadhani ni tangi la maji tu. Katika jumba kubwa sana, joto la vyumba huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya mabomba. Maji hayo yaliyopata joto hupandishwa kwenye mnara wa kupozea, yakamwagwa kutoka juu kama mvua, huku feni kubwa ikivuta hewa katikati yake. Sehemu ya maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto, na yaliyobaki hurudi chini yakiwa yamepoa, yakaanza safari upya. Ni ubunifu mzuri. Lakini tazama kilichofanyika: tumechukua maji ya vuguvugu, tukayapitisha hewani yakusanye vumbi na uchafu, tukayapasua kuwa matone, kisha tukaweka feni ya kuyapuliza mjini. Mtambo ukitunzwa, hauna madhara. Ukiachwa, huwa mfano wa bomba la kunyunyizia dawa shambani, ila ndani yake hamna dawa, mna maradhi.

Na matone hayo husafiri. Kaskazini mwa Ufaransa, katika eneo la Pas-de-Calais, mwishoni mwa mwaka 2003 na mwanzoni mwa 2004, minara ya kupozea ya kiwanda kimoja iliwaambukiza watu 86, na 18 kati yao walikufa. Miongoni mwao wamo waliokuwa wakiishi kilomita sita na zaidi kutoka kiwandani, wala hawakuwahi kuingia katika lango lake. Murcia, Hispania, mwaka 2001, wagonjwa waliothibitishwa walifika 449. Mjini New York, katika mtaa wa Bronx, mwaka 2015, watu 138 waliugua na 16 wakafa kutokana na mnara wa hoteli moja. Jambo la kuzingatia katika mkasa wa New York ni kwamba wakuu wa jiji walipotaka kuipima minara, waligundua kuwa hawana hata orodha yake. Ilibidi kwanza waitafute, jengo kwa jengo, huku watu wakiugua. Mwaka huo huo walitunga sheria ya kuiandikisha minara yote na kuipima. Hata hivyo, mwaka 2025 maradhi yalirudi katika mtaa wa Harlem, watu 114 wakaugua na 7 wakafa, na mojawapo ya minara iliyoonekana kuwa chanzo ilikuwa ya hospitali. Sheria ni jambo la lazima, lakini sheria haipandi ngazi kwenda kusafisha mnara. Mtu ndiye anayepanda.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, tusije tukaeneza hofu isiyo na msingi. Mashine ndogo za kupozea zinazotundikwa ukutani katika ofisi, maduka na nyumba zetu hazina mnara wa maji na hazirushi matone ya namna hii. Mwenye nayo nyumbani aisafishe kwa ajili ya vumbi na alale usingizi. Wala hatusemi kwamba hoteli au ofisi fulani ya Unguja, Pemba au Dar es Salaam ina maradhi. Tunachosema ni kwamba majumba makubwa yanaongezeka, viwanda vyenye vyumba vikubwa vya baridi vinaongezeka, hoteli zenye mamia ya bafu zinaongezeka, na vijidudu hivi havitazami kama nchi ni tajiri au maskini. Minara ya kupozea ni njia moja tu. Bafu za manyunyu, mabwawa ya maji moto yenye mapovu, chemchemi za mapambo na feni zinazorusha ukungu kwenye mikahawa ya ufukweni, zote ni ndugu zake.

Tena visiwa vina mambo matatu yanayovifanya viwe katika hatari zaidi kuliko nchi za baridi.

Jambo la kwanza ni joto la maji yenyewe. Vitabu vya Ulaya huagiza kwamba maji baridi yawe chini ya nyuzi 20 ili kijidudu kisizaliane. Agizo hilo haliwezekani kwetu. Maji yanayotoka kwenye bomba la mwambao, na zaidi yale yaliyokaa katika tangi jeusi la plastiki juani, tayari yamo katika vuguvugu ambalo kijidudu hulipenda. Maana yake ni kwamba kinga ambayo wenzetu hupewa bure na hali ya hewa, sisi lazima tuifanyie kazi kwa klorini, kwa usafi, na kwa kuyafanya maji yatembee. Tena maji ya Unguja hutoka katika mawe ya chokaa. Kila mama anajua magamba meupe yanayobaki ndani ya birika la chai. Magamba hayo hayo hukaa ndani ya mabomba na minara, na humo ndimo vijidudu hujificha hata klorini isivifikie.

Jambo la pili ni msimu. Biashara ya utalii hupanda na kushuka. Wakati wa masika hoteli nyingi hupunguza wageni, na nyingine hufunga kabisa. Maji hubaki mabombani yakilala wiki baada ya wiki, klorini ikiisha nguvu. Yapo matukio yaliyozidi msimu. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme kutoka bara. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ndege za kimataifa zilisimamishwa na vyumba vikabaki vitupu. Na mwaka huo wataalamu wa nchi nyingi walionya juu ya maji yaliyolala ndani ya majengo yaliyofungwa. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tulifundishwa tangu utotoni kutofautisha maji yanayopita na maji yaliyotuama. Mafundi wa leo, kwa vipimo vyao, wanarudia somo hilo hilo.

Jambo la tatu ni gharama ya umeme. Maji ya moto yanatakiwa yahifadhiwe kwa nyuzi 60 na yafike bombani yakiwa walau 50. Meneja anayetaka kupunguza ankara hushusha mpaka 45 au 40, akaona ameokoa fedha, kwa kuwa mgeni bado anaoga maji ya moto na halalamiki. Kumbe amelitoa tangi lake katika joto linaloua vijidudu na kuliweka katika joto linalovilea. Na hapa ndipo Nyakakika inaporudi katika habari hii. Nyumba ya wageni ya Karagwe au Kyerwa yenye tangi la kupasha maji kwa jua, siku za mawingu maji yake yakaishia kuwa vuguvugu, haina mnara wowote juu ya paa, lakini inaweza kulea kijidudu kile kile. Baridi ya milimani haimkingi mtu na tangi lake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Maradhi haya, baada ya mtu kuyavuta, kwa kawaida hukaa kati ya siku 2 na 10 kabla ya kujionyesha, na pengine zaidi. Mtalii hukaa wiki moja, akaenda zake. Akiugua, ataugua kwao, na huko atapimwa mkojo, ugonjwa utajulikana, na jina la hoteli alikolala litaandikwa. Nchi za Ulaya zina mtandao maalumu wa kufanya kazi hiyo. Wagonjwa wawili tu waliolala katika hoteli moja ndani ya miaka miwili hutosha kuihesabu kuwa na mlipuko. Mwishoni mwa 2016 na mwaka 2017 ndivyo ilivyokuwa kwa Dubai: kituo cha Ulaya cha kudhibiti maradhi kilitangaza kwamba wasafiri wengi kuliko kawaida wanarudi kutoka mji huo wakiwa na maradhi haya, nao walikuwa wamelala katika hoteli mbalimbali. Dubai ni mji wa fedha na mafundi, na bado habari zake zilitangazwa kutoka mbali.

Lakini mfanyakazi wa hoteli, fundi anayepanda paani, mpagazi, na mama anayefua mashuka wataugua hapa hapa. Kwao hapana mtandao. Wataandikiwa kichomi, na wakifa wataandikiwa kichomi. Kwa hiyo kutokusikia kwamba maradhi yapo si ushahidi kwamba hayapo. Huenda ni ushahidi kwamba hatujayatafuta. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita mwaka 2023. Uchumi wa kiasi hicho haufai kungojea barua kutoka ng'ambo ije iueleze hali ya mabomba yake. Na hata kama barua hiyo isingekuja kamwe, uhai wa mfanyakazi mmoja unatosha kuwa sababu.

Mkoa wa Kagera unaweza kuwafundisha wengine katika jambo hili, kwa kuwa umelipia somo hilo kwa roho za watu. Mwezi Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Habari zikapelekwa juu, sampuli zikapimwa, na tarehe 21 Machi Serikali ikatangaza kuwa ni Marburg. Watu 9 waliugua na 6 walifariki, akiwamo mhudumu wa afya, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Mwaka mmoja kabla yake, Julai 2022, wilayani Ruangwa, Lindi, homa ya ajabu ilifuatiliwa hivyo hivyo mpaka ikajulikana kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa mwingine wa vijidudu vinavyopenda maji na unyevu. Nchi hii basi ina uwezo wa kuuliza na kupata jibu. Tunachotaka ni kwamba uwezo huo usingoje maiti ziwe nyingi.

Tunafahamu majibu yatakayotolewa. Itasemwa kwamba tuna malaria, tuna kipindupindu, tuna upungufu wa dawa, na kwamba kuzungumzia maradhi ya mapaa ya majumba ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini imesahau mambo mawili. Kwanza, gharama hii haipaswi kubebwa na mwananchi wa kawaida, bali na mwenye jumba anayepata faida kwa jumba hilo. Pili, kazi yenyewe si ya maajabu. Inahitaji kipimajoto, kipimo cha klorini, daftari, brashi, na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu na ambaye jina lake linajulikana. Mitambo mingi iliyoua watu duniani haikukosa fedha; ilikosa mwenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua zifuatazo, na tunaziweka mbele ya wahusika bila kuuma maneno.

Halmashauri na manispaa, bara na visiwani, ziandikishe kila mnara wa kupozea na kila mfumo mkubwa wa maji moto ulio katika eneo lake, pamoja na jina la mtu anayewajibika nao. Asiyejua vilipo hawezi kuvikagua. Majengo ya Serikali na hospitali yaanze, maana haifai afisa kumkagua mwenye hoteli huku paa la ofisi yake mwenyewe lina mnara uliojaa ute. Katika kutoa vibali vya ujenzi, mnara usiruhusiwe kuwekwa karibu na madirisha au mahali jengo linapovutia hewa, wala usikubaliwe bila vizuizi vya kuzuia matone.

Wenye hoteli nao watie dawa katika maji ya minara kila siku na kupima, waimwage na kuisugua walau mara mbili kwa mwaka, na wakate vipande vya mabomba visivyotumika ambamo maji hulala. Mabomba ya vyumba vitupu yafunguliwe kila wiki kwa dakika kadhaa. Baada ya msimu wa kufunga, mfumo wote usafishwe kabla mgeni wa kwanza hajapewa ufunguo. Mfanyakazi anayefanya kazi hiyo apewe barakoa inayozuia matone, wala si kitambaa cha kufutia vumbi, tena afungulie maji polepole yasiruke. Tangi la maji moto libaki katika nyuzi 60, na vichanganyio viwekwe bafuni ili mtu asiungue.

Wizara za Afya zihakikishe kwamba hospitali za rufaa, Mnazi Mmoja ikiwa miongoni mwao, zinaweza kupima mkojo kwa ajili ya maradhi haya. Lakini ikumbukwe kwamba kipimo hicho huona aina moja iliyo kubwa na huzikosa nyingine, hivyo jibu la "hapana" lisimfunge daktari macho. Zahanati za vijijini, kuanzia Micheweni mpaka Nyakakika, hazihitaji maabara ili kuanza. Zinahitaji kuuliza. Mgonjwa wa kichomi ambaye amosilini haikumsaidia, hasa aliyepita umri wa miaka 50, mvutaji sigara, au mwenye kinga dhaifu, aulizwe kazi yake na mahali alipolala. Dawa zinazofaa, kama azithromaisini na doksisaiklini, si ngeni nchini. Kwa jumla, karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi hupoteza maisha. Dawa ikiwahi, wengi hupona.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba ufa huu uko juu ya paa, ambako wachache hupanda kuutazama. Kijana wa Nyakakika aliyeondoka kwao kwenda kutafuta riziki visiwani hakuomba apewe bafu la anasa wala hewa ya baridi. Aliomba kazi. Tuna wajibu wa kuona kwamba anaporudi kwao likizo, anarudi na mshahara wake na pumzi yake.